Safari ya Stellenbosch: Kwa Ajili ya Udhaifu wa Nani?

 

Neno la leo ni Warumi 14, kuanzia mstari wa 13 hadi wa 21. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, halafu urudi tuzungumze.

Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza habari za safari ya kanisa ya Afrika Kusini mwezi wa Agosti. Nimeona niandike mara moja kila mtu asome. Nitakupa mipango, kisha nikupe Neno, kwa sababu mipango yenyewe ndiyo iliyotuletea Neno hili.

TUNAKOENDA

Tutakaa Stellenbosch, kama kilomita 50 kutoka Cape Town. Ni mji wa zamani sana. Gavana Simon van der Stel aliuanzisha mwaka wa 1679, na baada ya Cape Town hakuna mji ulioanzishwa na wazungu kule uliotangulia huo. Utaona nyumba nyeupe za kuta nene, mialoni mikubwa kando ya barabara, na mifereji ya maji ikipita mbele ya nyumba. Kuna jumba la makumbusho lenye nyumba nne za nyakati tofauti, ya kwanza ikiwa ya mwaka wa 1709. Utaingia uone jinsi watu walivyopika, walivyolala, na walipokaa watumwa wao.

Mji huo umezungukwa na mashamba ya mizabibu. Mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa Februari 1659, na tangu siku hiyo eneo lile lote limeishi kwa mvinyo. Ndiyo maana mama mmoja aliniuliza waziwazi, "Pasta, kanisa la Kipentekoste linatafuta nini kwa watengenezaji wa pombe?"

Swali zuri. Jibu langu ni Worcester.

KILICHOTOKEA WORCESTER

Kutoka Stellenbosch ukivuka milima unafika bonde la Worcester, nalo ni la mizabibu vilevile. Mwaka wa 1860 Andrew Murray, yule ambaye wengi wenu mmesoma vitabu vyake vya maombi, alikuwa ametoka tu kuwekwa kuwa mchungaji wa mji ule. Alisimikwa mwezi wa Mei, siku ya Pentekoste.

Jumapili moja jioni vijana walikutana kwenye ukumbi mdogo. Kiongozi wao alikuwa kijana aitwaye J. C. de Vries. Wakaimba, wakaomba kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine. Ndipo binti mmoja akasimama nyuma kabisa. Alikuwa wa miaka kama 15, Mwafrika, mtumishi wa mkulima mmoja. Akauliza kama na yeye anaweza kuchagua wimbo. De Vries alisita, akiwaza wale wengine watasemaje. Kisha akamkubalia. Binti akataja wimbo wake, akaomba. Alipokuwa akiomba, wakasikia sauti kama ngurumo ikija kutoka mbali, ikikaribia, na ukumbi mzima ukaanza kuomba kwa pamoja.

Sasa sikiliza. Murray alipoitwa alikuja na kuwaamuru wanyamaze. Hawakunyamaza. Akaondoka akisema kwamba Mungu ni Mungu wa utaratibu. Mkutano mwingine akajaribu tena kuwatuliza. Mgeni mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akamsogelea na kumwonya awe mwangalifu, kwa maana aliyekuwa akifanya kazi pale ni Roho wa Mungu, na yeye alikuwa ameona jambo lile lile Marekani. Uamsho ukaenea mji kwa mji. Mwaka uliofuata, 1861, makanisa ya kule yakaanza desturi ya kukutana kwa maombi siku kumi kati ya Kupaa na Pentekoste. Desturi hiyo imevuka karne.

Mpendwa, mlango ulifunguliwa na binti mtumishi. Katika simulizi hakutajwa hata jina. Ametajwa kwa rangi yake, umri wake na kazi yake. Jina lake analijua Mungu.

NENO LILILOPINDWA

Kuna jambo lingine utakalojifunza kule, na hili halitakupendeza.

Miaka mitatu tu kabla ya uamsho ule, mwaka wa 1857, sinodi ya kanisa lile lile la Cape iliketi. Swali lilikuwa hili: waumini wapya wasio wazungu waabudu wapi? Sinodi ilikiri kwamba Maandiko yanataka wote wakae pamoja. Halafu ikaruhusu watengwe, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi.

Rudia hayo maneno taratibu. Kwa ajili ya udhaifu wa baadhi. Ni nani waliokuwa dhaifu? Ni wale wazungu ambao hawakuweza kuketi benchi moja wala kushika kikombe kimoja na mtumishi wao. Basi mwenye udhaifu akabaki kwenye kiti chake, na asiye na kosa akaambiwa atoke nje. Mwaka wa 1881 yakawa makanisa mawili. Unajua mbegu hiyo ilizaa nini baadaye katika nchi ile. Hata Stellenbosch kwenyewe, mwaka wa 1964 mtaa wa Die Vlakte, katikati ya mji, ulitangazwa kuwa wa wazungu tu, na familia zilizokuwa zikiishi pale zikahamishwa nje.

Paulo anaposema tuwachukulie walio dhaifu, anamwambia mwenye nguvu ajinyime. Anamwambia aache nyama, aache divai, aache chochote, ndugu yake asije akajikwaa. Anayegharamika ni mwenye nguvu. Ukiona neno "udhaifu" linatumiwa ili mwenye nguvu asipoteze kitu na mnyonge ndiye alipe, ujue hapo Maandiko yamepinduliwa.

JAMBO LILILOTUPATA SISI

Nakwambia haya kwa sababu kamati yetu imepita hapo hapo mwezi huu.

Kuna ndugu mmoja katika akina baba. Ameniruhusu niandike habari zake bila jina. Bwana alimtoa kwenye pombe, na sasa ni miaka minne. Wengine wenu mlikuwa kwenye kesha lile. Amekuwa akiweka akiba ya safari hii kila wiki kutoka kwa kazi yake ya boda boda, hajakosa hata wiki moja. Lakini alipoona ratiba ya kwanza alikuja akaniambia, "Pasta, nirudishieni pesa zangu. Nyinyi endeni tu. Mimi siwezi kulala nyumba iliyo juu ya mapipa."

Maana malazi ya bei nafuu tuliyokuwa tumepata ni katika shamba la mizabibu, na ghala la mvinyo liko chini ya vyumba.

Kamati ikagawanyika. Wa kwanza wakasema, "Kama kweli ameokoka anaogopa nini? Aliye ndani yetu si mkuu?" Wa pili wakasema kwa upole, "Tumrudishie pesa zake, abaki tumwombee. Ni kwa faida yake." Hawa wa pili walisema kwa upendo, nawajua. Lakini nilipoyasikia maneno yao nilikumbuka 1857. Mtu atolewe safarini kwa ajili ya udhaifu, sisi tubaki na ratiba yetu nzuri.

Kwa wale wa kwanza nasema hivi: kuwekwa huru si kuwa chuma. Mtu aliyetoka kwenye moto hajaribiwi kwa kuwekewa makaa mkononi. Yusufu hakusimama chumbani kwa mke wa Potifa aonyeshe jinsi alivyo na nguvu. Alikimbia, akaacha vazi.

Na eneo lile lina ushuhuda wake mchungu juu ya pombe. Kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba yale walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Wanauita mfumo wa dop. Sheria iliukataza, lakini mashamba mengine yaliendelea nao miaka mingi. Mpaka leo jimbo lile ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye watoto wengi waliozaliwa wakiwa wamedhurika kwa pombe iliyonywewa na mama zao. Yakobo sura ya tano anasema ujira uliozuiliwa hulia. Basi ujira uliolipwa kwa sumu unalia namna gani?

TULICHOAMUA

1. Hatulali shambani. Tumepata nyumba ya wageni mjini isiyo na baa. Ni ghali zaidi, kwa hiyo kila mmoja anaongeza shilingi 6,500. Yule ndugu haongezi chochote. Nyongeza yake tumegawana sisi.

2. Hatutapanda ile treni ndogo ya Franschhoek inayozungusha wageni shamba kwa shamba wakionja mvinyo. Najua kuna wazee wawili waliotaka kuipanda kusherehekea ndoa yao, na watoto wao walikuwa wameshawalipia. Nimewaomba wenyewe, na wamekubali. Haikuwa rahisi kwao, na ninawaheshimu.

3. Franschhoek yenyewe tutafika. Tutaona mnara wa kumbukumbu ya Wahuguenot, Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso baada ya mfalme Louis wa 14 kuwanyang'anya uhuru wa kuabudu mwaka wa 1685. Walianza kufika Cape kwa wingi mwaka wa 1688. Ni watu walioacha kila kitu kwa ajili ya imani. Na wengine wao, wakishapewa ardhi, wakamiliki watumwa. Tutasimama pale tumshukuru Mungu na tujichunguze pia.

4. Njiani tutapita Pniel, kijiji cha misheni kilichoanzishwa mwaka wa 1843 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Watumwa wa Cape waliachiliwa kikamilifu tarehe 1 Desemba 1838. Wazazi wao waliletwa kutoka Madagaska, India, visiwa vya Indonesia na Msumbiji.

5. Siku ya tatu ni Worcester, kisha Wellington, ambako Murray amezikwa mbele ya kanisa lake. Alilala mwaka wa 1917.

Ya kawaida: pasipoti iwe hai. Mkenya haitaji viza kwa matembezi mafupi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau nyumbani. Na beba sweta nzito! Agosti kule ni baridi na mvua, na theluji unaweza kuiona juu ya milima.

Kuna aliyeuliza, "Si tungoje Februari tuone zabibu?" Tunaenda Agosti kwa sababu ya walimu wetu na likizo ya shule. Lakini naona na mkono wa Bwana. Wakati huo mizabibu inapogolewa. Hutaona zabibu hata moja. Utaona vijiti vikavu kwenye nyaya, matawi yamekatwa na kutupwa chini. Asiyejua atasema shamba limekufa. Mkulima anajua anachofanya. Ukisoma Yohana 15 ukiwa umesimama pale, utaelewa kwamba tawi linalozaa ndilo linalokatwa, ili lizae zaidi.

NA WEWE JE?

Labda huendi Stellenbosch. Lakini mipango unapanga. Unapanga harusi, unapanga mazishi, unapanga mkutano wa chama nyumbani kwako. Kuna mtu ambaye ratiba yako inamfungia nje. Shemeji aliyeacha pombe, na wewe umeweka kreti sebuleni. Mjane asiye na nauli, na wewe umepeleka harambee hoteli ya mbali. Msichana wa kazi ambaye wakati wa maombi ya familia yuko jikoni anaosha vyombo. Huyo huyo! Binti wa Worcester alikuwa kama yeye. Umewahi kumuuliza kama ana wimbo?

Usimuulize mnyonge, "Utabaki?" Jiulize, "Mimi nitaacha nini?" Leo, kabla hujalala, mtafute mtu mmoja umwambie, "Tumebadilisha mpango, nafasi yako ipo."

Yule ndugu nilimpelekea ratiba mpya Jumanne. Aliisoma yote, akaikunja, akaweka mfukoni. Akasema ataomba kwanza. Hadi leo hajanijibu, na sitamsukuma. Pesa zake ziko salama kwa mhazini, na jina lake liko kwenye orodha. Mwombee.

TUOMBE

Baba katika jina la Yesu, tusamehe pale tulipolitumia Neno lako kulinda raha zetu. Tupe moyo wa kupunguza mwendo ili ndugu asiachwe nyuma. Linda kila mtu uliyemtoa kwenye pombe, usiku huu, katika mtaa wake, mbele ya mlango anaoujua. Fungua kinywa cha yule aliyekaa nyuma kabisa, na Roho wako atakapokuja utuzuie sisi wachungaji tusimwambie anyamaze. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama unamwombea mtu anayepambana na pombe, andika AMINA hapa chini. Jina lake usiliandike, Mungu analijua. Ubarikiwe sana, mpendwa.