Rangi Iliyojificha

Paka wetu mweusi alipozaa dume la rangi ya majivu, majirani walisema si mwanawe. La hasha! Rangi hiyo hufichika vizazi vingi, ikajitokeza mtoto anapoirithi kwa baba na kwa mama pia. Ndivyo ilivyotokea Uingereza mwaka 1955, paka wa kahawia wa jamii ya Burma walipozaa mtoto wa majivu, na wafugaji wakaanza kuitafuta rangi hiyo. Jirani mmoja alinishauri nimpandishe dume wetu kwa dada yake, nipate wengi wa kuuza. Nakiri, nilitamani. Lakini maradhi nayo hufichika vivyo hivyo, na ndugu wakizaana huweza kujitokeza. Nilikataa. Manyoya ya thamani yana faida gani juu ya mwili mgonjwa?