Trekta la Zamani na Maadui Wake

Kila chombo cha kazi kina adui wake. Adui wa jembe la mkono ni kutu, na adui wa ghala ni panya. Trekta lina maadui watatu: vumbi, maji, na mtu mwenye haraka. Huyu wa tatu ni mbaya kupita wenziwe, maana ndiye awafunguliaye mlango.

Sisi tukaao Ubena, yaani Ubena ya Zomozi upande wa Bagamoyo, wala si ile ya Wabena kule Njombe, twayajua matrekta. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro yapita hapa petu, na kabla ya masika twayaona yakipita na majembe yao ya sahani. Mengine ni ya zamani sana. Namna moja ipendwayo na wakulima ni Massey Ferguson 135, ambayo kiwanda cha Coventry katika Uingereza kilianza kuitengeneza mwaka 1964, kikaiacha katika miaka ya 1970. Basi trekta la namna hiyo lina umri wa baba zenu, au wa babu zenu.

Mwaka jana, mwezi wa Januari, nalilipeleka darasa la sita kwa mzee mmoja jirani wa shule mwenye trekta kama hilo. Siku hiyo wazee wenziwe wawili walikuwa wameleta yao pia, kwa kuwa ni desturi yao kukutana chini ya mwembe kabla ya mvua, wakayakagua yote matatu na kuazimana spana. Wanafunzi wakaamkia, "Shikamooni, babu." Wakaitikiwa, "Marahaba, wajukuu zetu."

Hatujaketi bado, akafika mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Akasema, "Mzee wangu, chuma hiki kimechoka. Niuzie kwa kilo, upate fedha leo." Nalimwona mwana wa mzee akimtazama babaye kwa kutamani, maana ada ya mdogo wake ilikuwa haijalipwa. Mzee hakukasirika. Akajibu, "Mwanangu, fedha ya kilo huliwa mara moja. Kaa kitako, tuliulize lenyewe kama limechoka."

Kwanza alifungua bakuli la oili ambalo hewa hupita juu yake kabla ya kuingia katika injini. Chini ya bakuli palikuwa na tope jeusi. Akatuonyesha, akasema, "Hili lilikuwa vumbi la shamba. Oili imelikamata. Kama lingepita, lingekula pistoni kama msasa ulavyo mbao." Akalimwaga, akaliosha bakuli kwa dizeli, akatia oili mpya hadi kwenye alama, wala hakuzidisha.

Kisha alilegeza skrubu iliyo chini ya chujio la dizeli, yakatoka matone ya maji. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Babu, maji yaliingiaje, nawe hukuyatia?" Mzee akacheka. "Tangi likilala nusu tupu, hewa iliyomo hupoa usiku, na unyevu wake hugeuka matone, kama umande. Kwa hiyo mimi hujaza tangi jioni, si asubuhi."

Akabadili chujio, kisha akatoa upepo. Maana injini ya dizeli haiwaki ikiwa pana upepo katika mabomba yake. Alilegeza skrubu ndogo, akasukuma pampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha, ikabaki dizeli tupu. Mwisho alipima oili kwa kijiti chake, akatazama maji ya rejeta injini ikiwa baridi, akatia grisi katika kila kiungo. Kazi hiyo yote ilichukua asubuhi nzima.

Akawasha. Trekta likakohoa mara mbili, likatoa moshi mweusi, kisha likanguruma sawasawa. Mnunuzi akaikunja mizani yake, akaaga kwa adabu. Masika yale trekta lile lililima mashamba ya majirani, na ada ikalipwa kwa ujira wake.

Tena msidhani kwamba wenye fedha nyingi hawashindwi na mambo haya madogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga katika Tanganyika, ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa yamekwisha kutumika vitani, na mengine yalitoka mbali, huko Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini mafundi walikuwa wachache, vipuri havikutosha, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ni mgumu, wenye changarawe ilayo chuma. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta yale ilikuwa imekwama. Walikusudia ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza, wakapata kama 7,500 tu za kupanda. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na mamilioni ya pauni yakapotea. Zilikuwapo sababu nyingine pia, kama uhaba wa mvua. Lakini haraka ya kuyafanyisha kazi matrekta pasipo mafundi wa kuyatunza ilikuwa mojawapo.

Huko Uingereza leo kuna vyama vya watu wapendao matrekta ya kale. Huyasafisha, hukutana siku za mapumziko, wakayaendesha barabarani kwa msururu, watu wakashangilia. Wao hufanya hivyo kwa furaha. Wazee wetu chini ya mwembe hufanya kazi ile ile kwa ajili ya chakula, wala furaha hawaikosi.

Nanyi, wanafunzi, huenda hamna trekta nyumbani. Lakini baiskeli ipo, cherehani ipo, na jembe lipo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Chombo hakina kinywa cha kuomba. Yakupasa wewe ukitazame kabla hakijalia.