Plagi ya Chini

Morogoro huitwa mji kasoro bahari. Kwa miaka mingi nilidhani kasoro hiyo inawahusu watu wa starehe tu, wanaotamani upepo wa jioni na supu ya pweza. Kumbe inamhusu pia mtu mwenye injini ya boti iliyogoma.

Mtu huyo ni mjomba wangu, mvuvi wa mto Kilombero. Alikuja na injini yake kwa basi kutoka Ifakara, imefungwa ndani ya viroba na blanketi, akataka nimpeleke kwa fundi wa boti. Hapa hatuna. Tuna mafundi wa pikipiki kila kona, wa mashine za kusaga, wa pampu za kumwagilia mboga. Bwawa la Mindu lipo kando ya barabara ya Iringa, lakini wavuvi niliowahi kuwaona pale hupiga kasia. Basi tukaenda Kihonda kwa fundi wa pikipiki, kijana wa umri wangu. Aliizunguka injini mara mbili kabla ya kuigusa, akasema, "Mzee, hii haina gia za ajabu. Inakunywa petroli na oili pamoja kama pikipiki za zamani. Nitaiweza."

Ni injini ya nguvu za farasi 15, silinda mbili, moja juu ya nyingine. Ugonjwa wake ulikuwa kukosa nguvu: boti tupu inakwenda, ukipakia samaki na watu watatu inalia tu bila kusogea. Fundi aliifunga kwenye ubao, akaitumbukiza miguu ndani ya pipa la maji, akavuta kamba. Ikawaka kwa kutetemeka. Akachomoa kofia ya waya wa plagi ya juu, ikazima papo hapo. Akaiwasha tena, akachomoa ya chini. Mlio haukubadilika hata kidogo. Silinda ya chini ilikuwa abiria.

Plagi ya juu ilitoka kwa mkono mmoja, nyeusi na imelowa. Ya chini haikutikisika.

Ilikuwa haijafunguliwa kwa miaka mitatu, kwa sababu ya juu ndiyo iliyo rahisi kuifikia. Hili la plagi kuganda linafurahisha akili, ukiwa si wewe mwenye injini. Plagi ni chuma, kichwa cha silinda ni alumini. Metali mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa taratibu na kutoa unga mweupe, na unga huo unahitaji nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Unabana kwenye uzi. Kwa ndani kuna masizi, na ya mjomba yalikuwa mengi. Petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja ndiyo kipimo cha injini nyingi za aina hii, yaani mililita 200 za oili kwa lita 10. Yeye anamimina kwa jicho, na jicho lake lina huruma.

"Tia bomba," akasema mjomba. Alimaanisha kipande cha bomba la chuma kichomekwe kwenye mpini wa spana ili mkono uwe mrefu. Fundi akatikisa kichwa.

Hapa lazima nieleze mjomba ni nani. Sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti juu ya ardhi ya ukoo, na kwa desturi ya wazee mali yake huelekea kwa mtoto wa dada yake kabla ya mwanawe wa kumzaa. Huyu wangu aliondoka Matombo akiwa kijana, kwa kuwa shamba la mlimani lilishagawanywa mpaka mtu akilima jembe linagonga la nduguye. Injini aliinunua kwa mkopo wa kikundi cha VICOBA, marejesho kila Jumamosi. Siku ile ilikuwa Jumatano. Mara nyingi huniambia mbele za watu, "Hii injini kesho ni yako, mpwa," na mimi huangalia chini, kwa sababu wanawe wawili ndio wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda nayo mtoni. Mimi sijawahi kurusha wavu.

Kwa hiyo aliponigeukia na kusema, "Mwambie huyu atie bomba," halikuwa ombi la kawaida. Kwetu mjomba habishiwi gereji.

Nilimwuliza fundi kitakachotokea tukitia bomba. Akaonyesha kwa vidole. Huenda plagi itatoka. Huenda kichwa chake kitakatika, uzi ubaki ndani. Au itatoka na uzi wote wa alumini umeizunguka kama maganda ya muwa, na hapo kazi ni ya fundi wa kerezo: kutoboa upya, kuweka bushi, au kutafuta kichwa kizima Kariakoo. Wiki mbili, akikisia vizuri. Nikamwambia mjomba, "Mjomba, nakuomba mpaka kesho." Hakujibu. Alikwenda kukaa kwenye tairi, akaugeukia mlima uliokuwa umevaa mawingu.

Fundi alipulizia upepo kuzunguka plagi, mchanga usije ukaangukia ndani. Akadondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi ya giaboksi, akaiacha usiku kucha. Asubuhi alichemsha maji, akaimwagia kichwa cha silinda birika zima. Nilipiga hesabu pembeni kwa penseli. Uzi wa plagi ile una kipenyo cha milimita 14. Joto likipanda nyuzi 100, tundu la alumini linapanuka kama milimita 0.03, na plagi ya chuma karibu nusu ya hapo. Tofauti yake ni ndogo kuliko unene wa unywele. Nafasi yenyewe ndiyo hiyo.

Spana ya namba 21 aliazima kwa fundi wa magari, maana plagi za pikipiki zake ni ndogo. Kisha akafanya jambo lililomnyanyua mjomba kutoka kwenye tairi: aliikaza. Kidogo tu, upande wa kukazia, mpaka ukasikika mlio mkavu kama wa mlango wa ghala. "Imeachia," akasema. Akarudisha nyuma robo ya mzunguko, ikaanza kubana, akaacha. Tone la mafuta. Mbele kidogo, nyuma kidogo zaidi. Hakuwa na haraka hata chembe, na nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko usiku wote. Katikati mjomba alisogea, akaishika injini kwa mikono miwili isicheze, bila kuambiwa.

Ilitoka na unga mweupe kwenye uzi, ncha imezibwa na masizi kabisa. Fundi alichungulia tunduni kwa tochi ya simu. Uzi wa mwanzo ulikuwa umelika kidogo, mingine mizima. Aliusafisha kwa kitambaa chenye grisi ili takataka zinate, akachukua plagi mpya mbili, akaziingiza kwa vidole mpaka mwisho kabla ya kugusa spana.

Ndani ya pipa injini iliwaka kwa mvuto wa pili. Maji yakaruka kutoka kwenye tundu la kupoozea, yakamlowesha mjomba suruali. Hakusogea. Alinyoosha mkono kwangu bila kunitazama, akisema, "Lete chupa yenye alama za vipimo. Halafu uwapigie ndugu zako, uwasomee hizo namba wewe mwenyewe. Mimi hawatanisikiliza."