Kijiji Kilichojifungia Mlango

Katika jimbo la Derbyshire, nchi ya Uingereza, kiko kijiji kidogo kiitwacho Eyam. Kimekaa ubavuni mwa kilima, na makonde yake yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, ambamo kondoo hulisha. Uani mwa kanisa umesimama msalaba wa jiwe uliochongwa yapata miaka 1,200 iliyopita. Mgeni apitaye huona amani tupu. Lakini akisoma vibao vilivyo mbele ya nyumba kadha wa kadha, hukuta majina ya waliokufa humo.

Mwaka 1665 mshona nguo mmoja wa kijiji hicho aliletewa bunda la vitambaa kutoka London, uliokuwa na tauni. Yadhaniwa kwamba viroboto walikuwamo. Msaidizi wake, George Viccars, akafa mwezi wa Septemba, na wengi wakamfuata.

Hata Juni 1666, padre wao, William Mompesson, akashauriana na Thomas Stanley, padre wa zamani aliyekuwa ameondolewa kazini. Wawili hao hawakupatana katika mambo ya kanisa, lakini siku hiyo walisema neno moja: watu wasikimbie, wasije wakayapeleka maradhi kwa jirani zao. Watu wakakubali. Chakula kikaletwa mpakani, nao wakaacha fedha zao katika matundu ya jiwe yaliyotiwa siki, ili zisichukue ugonjwa. Kanisa likafungwa, wakasali bondeni, chini ya mbingu, kila jamaa mbali na wenzao.

Gharama ilikuwa kubwa. Mwezi wa Agosti mama mmoja, Elizabeth Hancock, aliwazika mumewe na watoto sita kwa muda wa siku nane, kwa mikono yake mwenyewe. Mwezi huo huo akafa Catherine, mke wa Mompesson. Tauni ilipokoma, mwezi wa Novemba, waliokufa walihesabiwa kuwa kama 260.

Makaburi ya jamaa ya Hancock yangaliko kondeni, na jiwe lenye matundu lingaliko njiani kwendea Stoney Middleton. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu huwakumbuka wafu hao kwa ibada.

Ndugu msomaji, sisi tumezoea kwamba kupenda ni kumwendea jirani. Watu wa Eyam walimpenda jirani yao kwa kutomwendea, nao walijua watalipa nini.