Mpwa Wangu, Shika Kamba

Muheza, Ijumaa

Mpwa wangu,

Mama yako presha imeshuka. Dawa anakunywa asubuhi na jioni, na jana alitembea mpaka sokoni akarudi bila kupumzika njiani. Nimeitanguliza habari hiyo kwa sababu najua ndiyo utakayoitafuta kwanza. Barua nimempa kondakta wa basi la Pangani, maana simu yako hupatikana pale unapotaka wewe.

Tangu nilipovuka pantoni pale Bweni kurudi kwangu, sijaacha kukuwaza. Nilikuja kwako nimejaa maneno ya kukukemea. Hapa mtaani wamekwisha kukuhukumu: kijana mwenye digrii kaacha kazi Dar es Salaam, kaenda kukaa kwenye banda la makuti na wenzake wasiojulikana kwao, paneli moja ya sola juu ya paa, hana bosi, hana saa. Wanasema vijana wa siku hizi kazi hawaitaki. Mimi neno hilo siwezi kulisema, na nataka ujue kwa nini.

Mwaka 1983, ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi, nilikuwa Dar es Salaam nauza kahawa. Niliamka saa tisa usiku kuwasha makaa, na jua likichomoza nilikuwa nimeimaliza Kariakoo nzima, dele mkononi, vikombe vinagongana. Siku moja tukasombwa, tukaulizwa kitambulisho cha kazi. Sina. Nikaandikwa mzururaji, nikarudishwa huku kwetu. Dele lilibaki barabarani, kahawa bado ya moto. Babu yako naye alikuwa na karatasi yake kwenye mkonge. Kipande chake, ile kadi ya kuandikiwa siku za kazi, kilikuwa cha siku 30, na siku asiyomaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa, hata kama amerudi mikono imechanwa na miiba na utomvu unamwasha mpaka shingoni. Kwa babu yako, mtu mwenye kazi ni yule ambaye kipande chake kimejaa. Kwangu ikawa mwenye kitambulisho. Kwa mama yako ni mwenye mkataba na mshahara unaoingia benki. Karatasi zimebadilika majina tu, na kila mara nimeona watu wanaotoka jasho la kweli wakiachwa nje ya karatasi hizo. Kwa hiyo uliponiambia kwamba miaka minne umefanya kazi ili upate nauli ya kwendea kazini na kodi ya chumba cha kulala ukitoka kazini, nilikuelewa. Usiku ule sikukujibu, lakini nilikuelewa.

Wala kuhamahama hakukuanza na nyinyi. Sisi watu wa pwani tuna dago. Wavuvi wa Kojani hutoka Pemba wakaja dago huku bara, wengine wakafika mpaka pwani ya Kenya, wakilala vibandani wiki kwa wiki, wakifuata samaki na upepo. Umeme hawana, na kitanda chao ni mkeka. Sijapata kumsikia mtu mzima wa pwani akiwaita wavivu. Lakini dago lina utaratibu wake. Wakifika huanza kwa wenyeji, wakajulikana wametoka wapi na nahodha wao nani. Samaki wakiuzwa, kuna fungu la chombo, la nyavu na la watu, na nyumbani kuna mke na watoto wanaoingoja sehemu yao. Jioni chombo kikichelewa, yupo mtu amesimama ufukweni anahesabu, na anajua nani hajarudi.

Kwako, mpwa wangu, sikumwona mtu huyo.

Unaikumbuka asubuhi yangu ya pili pale kwako? Mashua ilifika maji yamekupwa, nzito, nahodha akapiga kelele. Watoto wakakimbia, akina mama wakaacha ndoo kisimani, hata yule mzee mwenye mguu mbovu akashika kamba. Nami nikakunja suruali nikaenda. Wewe ulikuwa kwenye bembea yako ya kamba, kitabu kifuani. Mashua ilipokaa juu ya magogo, kila aliyevuta akapewa kitoweo. Mimi nilipata vibua watatu. Baadaye ukateremka na noti ya elfu kumi ukanunua changu. Uliuliza bei kwa adabu, na yule kijana akakuuzia kwa adabu, kama watu wawili waliokutana kituo cha basi. Nawe una miezi minane pale.

Sasa nikwambie la mama yako. Yeye alisoma kwa koroboi. Asubuhi pua zake zilikuwa zimejaa masizi, na kabla ya shule alikuwa amekwisha kwenda mtoni na ndoo na kurudi. Giza lile hakulichagua. Wale wanawake wa kisimani huko unakokaa nao hawakulichagua. Wewe ukiugua utapanda basi uje kwangu, ukichoka utarudi Dar kuomba kazi nyingine; wao watabaki na ndoo zao. Sikutajii haya uone aibu. Nataka uelewe kwa nini dada yangu hulia akiitazama picha yako mbele ya banda lile, nawe unadhani analilia mshahara.

Alipoanguka mwezi uliopita tulikutafuta siku tisa. Simu imezimwa, sawa, hilo umelichagua. Lakini hapakuwa na jirani hata mmoja ambaye namba yake tunayo. Nilikaa kando ya kitanda chake najiuliza: je, angekuwa ni mwanawe aliyeanguka kule, nani angetuletea habari?

Sikuombi urudi ofisini. Wenzako pia sina neno nao. Yule aliyenipikia chai ya mchaichai ana malezi. Nakuomba uende kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe wewe ni nani na kwenu wapi. Uliza kama wana kikundi cha kuzikana, uingie, utoe mchango wako, na siku ya msiba uwe miongoni mwa wachimba kaburi. Hesabu umezisomea: wavuvi wale wanauza samaki kwa kukadiria kwa macho, na mchuuzi ndiye anayekadiria. Mizani na daftari, nawe ukiwa upande wao, ni kazi, hata kama hakuna atakayekuandikia barua ya ajira. Lakini usianze na daftari. Anza na kamba. Mtu wasiyemwona kwenye kamba hawatamwonyesha hesabu zao.

Na umpe mama yako namba ya jirani.

Jumamosi ijayo nakuja naye, inshallah. Ameshikilia, na daktari amemruhusu. Goti linamsumbua, kwa hiyo mtafutie kiti chenye mgongo, na maji ya kunywa uyachemshe. Anakuletea machungwa na unga wa muhogo. Namjua dada yangu: kabla hajakaa atataka kwenda kuwaamkia majirani, na njiani atakuuliza majina yao.

Mjomba wako