Mkono Mmoja Biblia, Mkono Mmoja Msuli

Sisi wanaume wa Rwamgasa ni watu wa suruali. Tuna jinzi za kuingilia duarani, zilizoganda tope mpaka zinataka kusimama zenyewe, na tuna suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi kwa ajili ya Jumapili. Katikati ya hizo mbili kuna bukta ya kulalia, na hiyo haitoki uani. Kwa hiyo tulipoanza kwenda ibadani tumefunga misuli viunoni, wanaume saba kwa mstari mmoja, watu walitaka maelezo. Haya ndiyo maelezo. Na msuli tunaousema ni ule wa kuvaa, si ule wa mkono, ingawa mwanzoni tulihitaji yote miwili.

Katika ushirika wetu yupo mzee mmoja aliyeshuka maduarani tangu enzi ambazo matimba yalikuwa miti ya kukata mwenyewe porini na mwanga ulikuwa kibatari. Alipoacha uchimbaji alirudi kwenye mihogo na mahindi yake, na kanisani hakukosa. Kisha ikatokea Jumapili moja mkewe alikuja peke yake. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu tukamfuata nje baada ya ibada.

"Mayu, mzee yuko wapi?"

"Yupo. Anaendelea kidogo kidogo."

Mama wa umri ule akikujibu hivyo, humsukumi. Unakwenda kuona.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, amefunga kitenge cha mkewe. Tukamwamkia, akaitikia, akasema tumsamehe kwamba hasimami. Ilikuwa tezi dume. Mkojo ulikuwa umeziba usiku, akapelekwa hospitali akiwa hoi, na huko akawekewa mpira wenye mfuko, aukae nao mpaka zamu yake ya upasuaji ifike. Muuguzi alikuwa amemwambia mambo mawili: mfuko ukae chini kuliko kibofu, na mpira usikunjwe. Suruali inavunja masharti yote mawili. Alikuwa ameijaribu ile ya Jumapili, na kufika getini maumivu yakamrudisha.

Tulimpa mawazo tuliyokuwa nayo. Suruali pana? Ameshajaribu ya mwanawe mnene. Basi Chakula cha Bwana kiletwe nyumbani? Hilo lilikuwa limeshafanyika mara moja, na alitujibu kwa upole uliotuuma zaidi ya hasira.

"Ninyi mnakula pamoja. Mimi naletewa kama mgonjwa wa kipindupindu."

"Basi njoo hivyo hivyo ulivyo, baba."

"Nimefunga kitenge cha mama yenu? Nyumba ya Mungu si uani kwangu, wanangu."

Tuliomba naye, tukaondoka. Njiani hatukuzungumza sana. Mwaka 2003 wataalamu walikuja hapa kijijini kupima zebaki katika damu, mkojo na nywele za wachimbaji, kwa hiyo mkojo wa mwanaume wa Rwamgasa umeshaandikwa katika vitabu vya kisayansi. Tulioweza kuutaja mbele ya wageni wenye chupa hatukuweza kuutaja mbele ya ndugu zetu wa benchi moja.

Aliyefungua njia ni ndugu yetu wa kwenye karasha, kijana ambaye kwao ni Pangani. Alitusikiliza wiki nzima, kisha akauliza kwa nini tunafanya jambo dogo kuwa kubwa. Kwao, alisema, baba akirudi baharini anafunga msuli, akienda sokoni anafunga msuli, na mgeni akibisha hodi hakimbii ndani kubadilisha. Baba yake mzazi, Mkristo, alikuwa na msuli wa kazi na msuli wa heshima. "Mzee hahitaji kitenge cha mama," akasema. "Anahitaji nguo ya kiume isiyobana."

Sisi tuliozaliwa huku bara tuliona mambo mawili hapo hapo. Kwanza, watatuambia tumesilimu. Pili, akienda mzee peke yake na msuli, tutakuwa tumempa aibu mpya badala ya ile ya zamani. Kwa hiyo ilitubidi twende wengi. Hakuna aliyetoa wazo hilo kwa furaha.

Tulilipeleka kwa wazee wa kanisa kwa utaratibu. Mmoja alifungua Kumbukumbu la Torati sura ya 22, akauliza kama hatujakatazwa kuvaa nguo za wanawake. Mwingine, mtu anayesoma sana, akafungua Kutoka sura ya 28 akaonyesha kwamba Mungu mwenyewe aliagiza makuhani washonewe suruali za kitani ili kuficha uchi wao. Tukanyamaza. Hiyo ilikuwa hoja nzito, na baadhi yetu, tuseme kweli, tulifurahi kimoyomoyo kwamba jambo limekwisha.

Mchungaji alimwomba yule mzee asome tena sura ile tangu juu. Suruali zile zilivaliwa ndani. Juu yake kuhani alivaa kanzu na joho, na mbele ya watu ndivyo alivyoonekana, na Haruni akiingia patakatifu hakuna aliyemwita mwanamke. "Basi na hawa wavae bukta ndani," akasema mchungaji, "watakuwa wamelitii Neno kuliko ninyi." Watu wakacheka, na mambo yakawa mepesi.

Hapo ndipo alipotupa historia ambayo wengi wetu hatukuwa nayo. Upande huu wa kusini wa Ziwa, alisema, Injili ililetwa na watu wa mataifa mbalimbali, na mmojawapo alikuwa Mskoti, Alexander Mackay, fundi wa mitambo na mmisionari, aliyefukuzwa Buganda mwaka 1887 akahamia Usambiro, na huko akafariki Februari 1890. Wanaume wa nchi yake wana vazi liitwalo kilti: kitambaa kizito cha sufu cha mirabaraba, kimekunjwa marinda nyuma, kinafungwa kiunoni na kuishia magotini. Kwa macho yetu ni sketi. Baada ya watu wa milimani kuasi na kushindwa, serikali ya London iliwapigia marufuku vazi hilo kwa sheria ya mwaka 1746. Aliyekamatwa nalo alifungwa miezi sita, na akirudia anasafirishwa ng'ambo miaka saba. Sheria ilidumu mpaka 1782. Waliohesabiwa wanaume wa kuogopwa ni walewale waliokuwa na magoti wazi, na askari wao waliruhusiwa kuendelea kulivaa vitani. Leo bwana harusi wa Kiskoti hulivaa mbele ya madhabahu, na mama yake hulia kwa furaha.

Mzee mmoja akaongeza ya kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na kampeni ya serikali mkoani Arusha ya kuwavisha Wamasai suruali. Tazama leo: walinzi wa Kimasai wako mijini kote na shuka zao, na mwizi anayewaona haulizi kama wamevaa sketi. Tena babu zetu Wasukuma walichunga ng'ombe wamefunga lubega begani. Suruali hii tunayoitetea kama ya Edeni haijafikisha umri mkubwa hapa kwetu.

Tukaruhusiwa. Ruhusa, hata hivyo, haiondoi woga.

Tulikwenda Katoro siku ya soko kununua. Muuza vitambaa alipoona wanaume watano wachimbaji wanachagua misuli na kujipima, aliuliza kama tunaandaa maigizo. Tulichagua rangi za kiume, kila mtu kwa ufahamu wake: buluu nzito, kijani, kahawia yenye mistari. Jumamosi jioni tukafunga milango ya kanisa, tukajifunza. Kijana wa Pangani alikuwa mwalimu mkali. Panua miguu kidogo unapofunga, la sivyo utashindwa kupiga hatua. Vuta pembe mbili, laza upande mmoja juu ya mwingine, kaza tumboni, kisha viringisha upindo wa juu kuelekea nje mara mbili, tatu. Usifunge fundo, fundo ni la wasioamini. Alimaanisha wasioamini kitambaa, lakini mshemasi mmoja alilichukua kwa uzito na kuliombea.

Katikati ya mafunzo mmoja wetu alisimama akasema kwamba usiku ule wa mwisho Bwana alivua vazi lake, akajifunga kitambaa kiunoni, akainama miguuni mwa wanafunzi. Tulikuwa tumeisikia habari hiyo mara nyingi, na kila mara tulitazama beseni na maji. Safari hii tulitazama kiuno. Petro alipokataa, tulielewa kidogo zaidi kilichomsumbua: Mwalimu wake alikuwa amevaa kama mtumwa wa nyumbani.

Jumapili ya kwanza hatukwenda na mzee. Tulitaka tuonje wenyewe kwanza.

Njia ya kanisani inapita kwenye makarasha, na makarasha ya Rwamgasa hayajui Jumapili. Vijana waliotuona walizima mashine moja ili wacheke vizuri. "Shikamooni akina mama!" alipiga kelele mmoja. Mama muuza vitumbua alijifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakimtikisika. Mtoto alituuliza kama tunatoka kuoga. Upepo nao, ule wa kiangazi wenye vumbi, ulikuja wakati ambao haukuitwa. Yeyote aliyekuwa na pikipiki alijuta kuimiliki, maana msuli hauruhusu kupanda kwa kutanua miguu. Tulitembea wote.

Kama mngetuona mngesema tunakwenda na ulemavu. Kila mmoja alishika Biblia kwa mkono wa kulia na msuli kwa mkono wa kushoto, pale pale tumboni, kama mtu mwenye kichomi. Kanisani ikawa hivyo hivyo. Kwaya ikaimba, watu wakapiga makofi, benchi letu likatulia kama la msibani. Mwongoza sifa alitusihi tuinue mikono yetu kwa Bwana. Tuliinua mmoja.

Jumapili ya pili tulimpitia mzee. Alikuwa tayari, amekaa, na msuli wa buluu aliouletewa juzi yake. Alikuwa ameufunga vizuri kuliko sisi sote, maana alikuwa na mwezi mzima wa mazoezi ya kitenge. Mfuko ulikuwa umefungwa kwenye paja, chini, mpira umenyooka, hakuna kinachoonekana. Tulimweka katikati.

Jambo hatukulipanga: mwendo. Mzee alitembea taratibu, na sisi tukatembea mwendo wake. Kwa hiyo pale kwenye makarasha, mahali tulipopita mbiombio wiki iliyotangulia, tulipita polepole mno. Kicheko kilipata nafasi ya kuanza, kukua na kuchoka. Kisha mmoja wa wale vijana akamtambua mzee. Alikuwa amefundishwa naye kusimika matimba. Akaja mpaka njiani, akasema "Shikamoo mzee" kwa sauti nyingine kabisa, na akauliza anaendeleaje. Mzee akamwambia. Alimwambia yote, mpira, mfuko, zamu ya upasuaji, pale pale barabarani, kama mtu anayeeleza hali ya shamba.

Mmoja wetu aliyekuwa nyuma ndiye aliyetutajia baadaye kwamba wakati huo wote hakuna aliyekuwa ameshika msuli wake. Tulikuwa tunamwangalia mzee asijikwae kwenye mawe, mikono ikiwa tayari kumdaka. Misuli ilikaa. Ndivyo msuli ulivyo: ukifungwa sawasawa unakaa wenyewe. Kijana wa Pangani alikuwa ametuambia hivyo mara kumi.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeomba ujasiri, tena kwa kufunga, kila mmoja kwake. Hatusemi maombi yale hayakujibiwa. Tunasema tu kwamba tulikuwa tunautafuta ndani ya vifua vyetu, na hatukuukuta huko. Watoto wawili wa Nuhu walipochukua nguo begani na kutembea kinyumenyume kwenda kumfunika baba yao, Biblia haituambii walijisikiaje. Inatuambia walielekeza wapi nyuso zao.

Mzee alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, akatoka mara moja na kurudi. Alikula Chakula cha Bwana pamoja nasi. Wakati wa sifa alipiga makofi, na sisi pia.

Si wote waliokubaliana nasi. Yupo mzee wa kanisa, yule yule wa Kumbukumbu la Torati, ambaye mpaka leo anaona nyumba ya Mungu ina nguo yake. Anakaa upande wa pili, tunamsalimia, anatuitikia, na alipoitishwa changizo la nauli ya kumpeleka mzee Mwanza alitoa kuliko wengi wetu. Tumemwacha na dhamiri yake, naye ametuacha na yetu.

Upasuaji ulifanyika, mpira ukatolewa, na mzee angeweza kurudi kwenye suruali yake ya kitambaa. Alirudi nayo Jumapili moja. Iliyofuata alikuja na msuli. Kijana mmoja wa ushirika alikuwa ameangukiwa na mwamba duarani, mguu umewekewa vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi, na hakuna suruali duniani inayopita juu ya vyuma vile. Mzee alimpitia nyumbani kwao yeye mwenyewe, akamfundisha kufunga.

Umoja wa Wanawake wameshona pindo za misuli sita, imewekwa ofisini kwenye kabati la vyombo vya Meza ya Bwana, imekunjwa. Anayehitaji huchukua bila kuandikisha jina. Wiki hii tulipohesabu tulikuta minne.