Samaki wa mpira

Najua nimepotea. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha programu nikawa mkulima wa miwa huku Kakamega. La hasha, sijaziacha. Ni zenyewe zilizoniacha kidogo. Mteja wa ng'ambo niliyekuwa nikimtengenezea mfumo wa malipo alikatiza mkataba, nikabaki na kompyuta, intaneti na saa nyingi zisizo na mnunuzi. Mtu akiwa katika hali hiyo hufanya nini? Hutazama video. Mimi nilizama katika video za watu wa California wanaovua halibut.

Halibut ni samaki bapa wa baharini, jamaa ya wale wanaoitwa gayogayo kule Pwani. Macho yake yote mawili yako upande mmoja wa kichwa. Hulala chini, akajifukia mchangani, akangoja samaki mdogo apite juu yake, kisha humrukia. Mvuvi husimama ufuoni, mawimbi yakimpiga magotini, akarusha kisamaki cha plastiki laini chenye mkia unaochezacheza, kisha akakivuta polepole karibu na mchanga. Hakuna mnyoo, hakuna nyama. Ni uongo mtupu, lakini uongo uliopimwa vizuri: uzito, kina, mwendo, rangi. Nikaona kumbe hii ni kazi yangu ileile! Unaandika kitu, unakipeleka kwa mtumiaji usiyemwona, na yeye ndiye anayeamua kama kinafaa.

Sasa tatizo. Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mto Isiukhu hauna halibut. Lakini mama yangu ni Mnyala, na kaka yake anaishi Port Victoria, kando ya ziwa. Na ziwani kuna mbuta (ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara), ambaye pia huvizia. Aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawala fulu karibu awamalize, na mkubwa wake hupita kilo 100. Wazungu hulipa pesa nzuri kumvua kwa fimbo na chambo bandia kule Murchison Falls, Uganda. Kwa nini nisijaribu?

Nikaagiza fimbo, rili, uzi wa kusokotwa, na vijisamaki vinane vya mpira. Pesa zilizobaki zilitosha nauli. Nikapanda matatu hadi Mumias, nyingine hadi Bumala, na nyingine hadi Port Victoria, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufanya kazi nikafika kwa mjomba bila sukari, bila mafuta ya kupikia, bila chochote. Nilimwambia, "Mjomba, safari hii mboga nitaitoa ziwani." Akaitazama fimbo yangu kwa muda. Yeye alivua mbuta zaidi ya miaka thelathini, kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, kila ndoana na kambare mdogo aliye hai. Aliacha baada ya nyavu na kamba zake kuibwa usiku mmoja, na hakupata mtaji wa kuanza upya. Nikamwonyesha kisamaki cha mpira. Akakinusa. "Mpwa wangu," akasema, "hiki hakina hata harufu ya samaki."

Siku ya kwanza sikupata kitu. Ya pili pia. Kosa langu lilikuwa la kitoto: nilinakili California kama mtu anayenakili msimbo wa mwenzake bila kuusoma. Kwanza, pale huingii majini hadi magotini; kuna kichocho, na kuna viboko. Nikahamia juu ya mawe. Pili, mto Nzoia unaingia ziwani karibu na hapo, na mvua ikinyesha huku juu kwetu, maji kule huwa kama chai ya maziwa. Kisamaki changu cheupe, kizuri sana kwenye video, hakuna aliyekiona.

Basi nikafanya kama tunavyofanya tukitafuta hitilafu. Nilitoa daftari nikabadilisha jambo moja moja. Rangi nyeusi badala ya nyeupe, kwa sababu kitu cheusi huonekana kama kivuli hata kwenye maji machafu. Mkia mpana zaidi, kwa sababu samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, hivyo asichokiona anaweza kukihisi. Kichwa kizito zaidi cha risasi, ili chambo kifike chini. Mwishoni nikafunga kipande cha nailoni nene kati ya uzi na ndoana, kwa kuwa mdomo wa mbuta una meno madogo mengi kama msasa, na uzi mwembamba hukatika ukisuguliwa. (Hili la mwisho alinifundisha mjomba. Video zilinyamaza.)

Jioni ya tatu, jua likizama, kisamaki kilisimama ghafla. Nilidhani ni jiwe. Kisha jiwe likaanza kuondoka! Mbuta huruka na kutikisa kichwa, na nilimsikia kabla ya kumwona. Mikono ilitetemeka hadi nikasahau kukunja uzi. Nilipomfikisha kwenye mawe, mjomba alikuwa tayari ameinama kumshika.

Nikampima. Sentimita 43.

Hapa ndipo penye maneno. Nchi tatu za ziwa hili, kupitia shirika lao la uvuvi lililoko Jinja, zilikubaliana kwamba mbuta wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85: wadogo wakue, na majike makubwa yabaki kutaga. Hata huyo halibut wa California lazima afike inchi 22, yaani sentimita 56 hivi. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hapa kuwalaumu wanaovua watoto wa samaki. Ni rahisi kuandika ukiwa Kakamega, umeshiba.

"Wadogo kuliko huyu huuzwa kila asubuhi," mjomba alisema. "Na wewe ulisema utaleta mboga."

Nikamrudisha. Alikaa kidogo kando ya jiwe, kisha akazama. Mjomba hakusema neno. Tulitembea hadi nyumbani kimya, na usiku ule tulikula ugali kwa omena alizonunua yeye, kwa pesa zake. Sijawahi kuona omena wakiwa wazito kumeza namna ile.

Asubuhi nikifunga mizigo alikuja akaomba kuona tena kile kisamaki cheusi. Akakichezesha mkia kwa kidole. "Pesa ngapi?" Nikamtajia. Akahesabu kimoyomoyo ni kambare wangapi wa chambo wangepatikana kwa bei hiyo, akatikisa kichwa.

Halafu akakitia katika mfuko wa shati. Niliondoka Kakamega na vinane, nimerudi na saba.